Maji ya Bwana Chupa

Salale, Jumamosi, 8 Julai 1905

Mola alipokuwa akigawa bahati, wenzangu walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa nimeshaamka zamani, nimekinga tenga. Mimi ni Tamimu bin Khamisi, Mndengereko halisi. Nimekoka moto wa meli mpaka Aden, mpaka Hamburg, nimeona theluji nikaionja, nimetukanwa kwa lugha saba na zote nikazijibu. Chuoni nilitoroka kabla ya kuimaliza juzuu ya Amma, na shule ya Wadachi ilinifukuza kabla sijaichoka vizuri. Lakini tazama leo: nani ameajiriwa na Profesa? Mzungu kashuka gatini, katutazama vijana wote wa Salale kama mtu anayechagua nazi, kisha kidole chake kikanyooka moja kwa moja kifuani kwangu. "Huyu," akasema, "huyu mwenye akili." Wengine wakabaki wakijikuna.

Jina lake ni Doktari Reinbeck, ila watu washamwita Bwana Chupa, maana mizigo yake yote ni chupa. Kazi yetu ni kutazama maji. Katika mkondo wa Rufiji, hapa unapoingia baharini, tumesimika mti mrefu wenye mistari myeupe na myeusi, na tunatazama maji yamepanda mpaka mstari gani, yameshuka mpaka upi. Kisha tunashusha chini chombo cha shaba kwa kamba, kikifika kinajifunga chenyewe, tunakivuta, tunatia maji yake katika chupa, tunaziba kwa nta. Kila chupa ina namba tu. Maana ya namba anayo yeye kichwani na katika vitabu vyake.

Mrisho, mtani wangu, Mmatumbi wa Kibiti, naye kaingia kazini, nyuma yangu kidogo. Anabeba.

Jumatatu, 10 Julai

Maji mafu. Yamejaa kidogo, yamepwa kidogo. Mbu wamejaa sana, hawakupwa.

Ijumaa, 14 Julai

Nimerudi msikitini nikamkuta Bwana Chupa amekaa juu ya sanduku, analamba kidole. Mtu mzima mwenye mvi, analamba maji ya mto na kutikisa kichwa kama mpishi. Nikamwuliza yamekolea chumvi? Akanikalisha, akanieleza mpaka Alasiri ikaingia.

Baba yake alikuwa mshona matanga. Yeye tangu mtoto aliuliza kwa nini maji yanakwenda huku na si kule, akapigwa makofi kwa kuuliza, akaendelea kuuliza mpaka wakampeleka shule. Hasomi samaki wala lulu. Anasoma maji yenyewe: uzito wake, joto lake, chumvi yake, mwendo wake. Amelala miaka katika meli za bahari ya kaskazini, meno yake mawili yamebaki huko. Sasa ana neno lake moja analotaka kulithibitisha: kwamba mto ukikutana na bahari haupigani nayo. Maji matamu hupita juu, ya chumvi hupenya chini yake kama mwizi atambaaye uvunguni, na huingia mbali kuliko watu wanavyodhani. Wenzake huko Ulaya wanabisha. Anataka awaoneshe kwa Rufiji yetu.

Tena kuna habari ya kiti. Kwao mtu aliyesoma akafika mwisho hupewa kiti katika chuo kikubwa, na akishakikalia hakiachi mpaka mauti. Kipo kimoja kimebaki wazi, na kuna mwanamume mwingine anakitolea macho. Sisi ndio tunaomwita Profesa. Kwao bado. Kwao ni Doktari tu.

Nikamwambia, "Bwana, huku kwetu mtu akitaka kiti huenda kwa seremala."

Akacheka mpaka miwani ikamdondoka. Wallahi, nilimpenda. Mzungu anayecheka akichekwa ni kitu cha nadra kuliko theluji ya hapa Rufiji.

Jumatatu, 17 Julai

Bamvua, bahari imejaa kupita kiasi. Kiboko wa mtoni kaja kujikuna kwenye mti wetu wa alama, kauvunja. Bamvua zima limepotea. Bwana Chupa hakula. Anasema sasa limebaki moja tu la maana, la katikati ya Agosti, ambapo mto utakuwa umepungua kabisa na bahari itakuwa na nguvu zake zote. Likipita hilo, hana kitu cha kuwaonesha.

Jumatano, 19 Julai

Leo tumepanda juu ya mto kuchota, mpaka mahali mikoko inapoisha na mashamba ya mpunga yanapoanza. Mrisho ana mabega kama mlango wa boma lakini akiingia mtumbwini hukamata kingo mbili kwa mikono miwili, macho kafumba.

"Mmatumbi," nikamwambia, "hivi mlizaliwa juu ya mlima mkaambiwa maji ni nini?"

"Tuliambiwa ni kitu cha kunywa," akasema, hakufumbua macho. "Nyie Wandengereko mnakaa ndani yake kama kambare, ndiyo maana mna mdomo mpana."

Bwana Chupa alitaka kujua tunacheka nini. Nikamwambia tunasoma dua.

Maji ya huko juu yalikuwa matamu kabisa, juu na chini. Bwana kayalamba, akaandika, akafurahi vilevile. Mtu huyu akipata chumvi hufurahi, asipopata hufurahi.

Alhamisi, 20 Julai

Upepo wa kusi. Yamejaa, yamepwa.

Jumamosi, 29 Julai

Moto umewaka huko Umatumbini. Watu wamekwenda shamba la pamba la akida wa Wadachi, wakaishika miche, wakaing'oa. Si kuikata: kuing'oa na mizizi. Kisha wakapiga ngoma akida aje awaone. Mji wa Samanga nao wanasema hautakalika.

Mrisho aliposikia alivua shati akanionesha mgongo wenye alama za kiboko. Nilikuwa naujua ule mgongo, lakini leo aliutoa kama mtu anayetoa ushahidi. "Hizi zote," akasema, "ni za pamba. Mvua ilikuwa ikinyesha, mpunga wangu unaliwa na ndege, mimi nimesimamishwa kwenye pamba ya mtu. Pamba hailiwi, Tamimu. Unalimishwa kitu ambacho ukifa na njaa hakiwezi hata kupikwa." Ndiyo maana alihamia huku, akaja kubeba chupa za mwendawazimu anayelamba vidole. Angalau huyu hapigi.

Nami nina hasira tangu asubuhi. Nimekoka moto meli za watu hawa, nimewaona kwao wakisalimiana kwa kuvua kofia. Kofia hizo hufika huku zikagandia vichwani.

Wenye vita wana dawa, inatolewa Ngarambe. Maji ya mto huu huu, yametiwa mtama, mtu akipakwa na kunyweshwa risasi humgeukia maji. Basi leo bibi Mwantum, anayetuuzia samaki, kaja na kibuyu kitupu.

"Mwanangu Tamimu, mna maji mengi humo?"

"Ya kuiosha dunia, bibi."

"Na maji yenu na yale ya Ngarambe, yapi yenye nguvu?"

"Yetu. Yale yanageuza risasi kuwa maji, yetu yanageuza Doktari kuwa Profesa."

"Aka, hayo hayanifai," akasema, akaenda zake na kibuyu chake.

Alhamisi, 3 Agosti

Meli ndogo ya serikali imepita. Samanga imeungua. Kuna amri: Mdachi yeyote asiye askari apande aende Dar es Salaam. Bwana Chupa alijificha ndani ya mikoko, matope mpaka magotini, huku mimi nikimwambia nahodha kwamba keshaondoka kwa jahazi la Kilwa. Nilidanganya vizuri sana. Nahodha alinipa sigara.

Meli ilipopotea akatoka mikokoni akanishika mkono kwa mikono miwili. "Mpaka bamvua tu, Tamimu. Siku chache." Tulicheka sote watatu. Mrisho alimkwangua matope kwa kisu.

Jumamosi, 5 Agosti

Chupa haziwezi kungoja. Nta inalainika, na nyumba yetu hii ya miti wakati wowote inaweza kuchomwa moto na upande huu au ule. Kwa meli haziwezi kwenda, maana meli ikiziona itamwona na mwenyewe. Zitakwenda kwa miguu: Ruaruke, Kibiti, mpaka Dar es Salaam kwa rafiki yake. Atabeba Mrisho. Mimi ndiye nijuaye kusoma mistari ya mti, nabaki.

Tulitaka kuzifungia kwa mabua ya mpunga. Bwana akakataa, mabua ya huku yana unyevu wa chumvi, yanabandua vikaratasi vya namba. Anataka kitu kikavu. Basi Semeni, mkewe Mrisho, aliyekuja juzi kumtazama mumewe, alikuwa na gunia la makapi ya mtama kutoka kwao Kibiti, yale yanayobaki baada ya kupura. Kwetu mtu akisafirisha mayai au vyungu hufungia hayo hayo. Bwana akayashika, akayanusa, akasema ni mazuri mno. Tukapanga chupa katika matenga mawili, makapi chini, makapi kati, makapi juu, Mrisho akayatundika kwenye mpiko, ule mti wa begani.

"Ukifika kwenye kijito," nikamwambia, "uyaambie maji: mimi ni Mmatumbi, naomba njia."

"Nitayaambia nimetumwa na kambare."

Semeni akamwambia, "Baba Tatu, usikae njiani kupiga soga." Akaondoka. Mkewe alikwenda njia ya shambani kwa nduguze.

Jumatatu, 7 Agosti

Maji mafu. Yamejaa, yamepwa. Moshi upande wa kusini.

Jumatano, 9 Agosti

Shaabani, mchuuzi wa samaki wakavu, kaja mbio kutoka Ruaruke. Mrisho kakamatwa.

Kuna kambi ya askari imepigwa kando ya njia, na Luteni mmoja. Wanapekua kila mtu. Wamefungua matenga wakakuta nini? Maji yaliyozibwa kwa nta, na mtama. Maji na mtama! Mmatumbi, mgongo wenye alama za kiboko, anatoka deltani anakwenda bara na matenga mawili ya maji na mtama. Hata mimi ningekuwa askari ningemkamata. Tulimfunga sisi wenyewe kwa mikono yetu, tukampamba kama bibi harusi, tukampeleka.

Na hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri. Mzungu mwenye vitabu vyote vile, mimi niliyeona Hamburg, Semeni, Mrisho mwenyewe. Kila siku tunasikia habari ya dawa, na makapi kwetu ni makapi, na maji ni kazi.

Nikamkimbilia Bwana Chupa. Alikuwa akinyoosha mti mpya wa alama.

"Bwana, Mrisho kakamatwa. Wanadhani maji yako ni dawa ya vita. Twende sasa hivi, ukawaambie ni yako."

Uso ukamshuka. Akakaa. Nilidhani anatafuta viatu.

"Watamfanya nini?" akauliza.

"Watamnyonga, Bwana. Wanafanya nini kingine siku hizi?"

"Hawawezi bila kumsikiliza. Kuna sheria." Akageuka kuutazama mti. "Bamvua ni Jumanne. Nikitokea pale Luteni atanipeleka melini siku ile ile. Jumatano nitakwenda mwenyewe, Tamimu. Naapa."

"Basi andika barua, niipeleke."

"Barua itakuwa na jina langu. Watakuja kunichukua."

Nikamtazama. Yule niliyemdanganyia nahodha. Mtu anayejua maji ya chumvi yanajificha wapi, hajui la kufanya na aibu yake isipokuwa kuitazama chini. Nilimtukana kwa Kidachi cha tanurini mwa meli, kile ambacho hakifundishwi shule. Alisema tu, "Siku sita. Miaka ishirini yangu, Tamimu, kwa siku sita."

Siku sita za nani?

Ijumaa, 11 Agosti

Naandika nimelala kifudifudi, nyumbani kwa Shaabani, Ruaruke. Kukaa siwezi.

Nilikwenda kambini mwenyewe. Nilivaa kanzu safi na kofia ya meli. Nilijua nitaweza, mdomo huu umenitoa katika jela ya Port Said. Shaushi Mnubi, mkubwa wa askari, langoni akaniuliza mimi nani. Nikamwambia mimi ni mkono wa kulia wa Profesa mkubwa wa Udachini na nataka kumwona Luteni upesi. Wakacheka, lakini wakanipitisha, kwa ajili ya Kidachi changu.

Luteni ni kijana, kachoka, macho mekundu. Matenga yalikuwa mbele ya hema lake, chupa zimepangwa, makapi yamemwagwa kando. Mrisho alikuwa amefungwa kwenye mti pamoja na wengine. Aliponiona alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. Mwingine ulikuwa umevimba.

"Kambare," akasema, "umetembea nchi kavu."

Nikaanza. Lo, nilizungumza! Nilieleza habari ya Profesa, ya kiti, ya kaskazini, ya Hamburg, ya bandari ninazozijua na mitaa yake. Luteni ni wa karibu na huko. Uso ulianza kumlegea, akaniuliza jina la mtaa fulani nikamtajia na kilabu cha pombe kilichoko pembeni. Shaushi mwenyewe akaacha kucheka. Nikaona nimeshashinda. Ndipo nikafurahi na ushindi wangu kabla haujaiva.

"Huyo Doktari yuko wapi?" akauliza Luteni.

Nikasema kaenda Kilwa, kwa jahazi. Bado nilikuwa namhifadhi. Mungu anisamehe, nilishamtukana usoni, lakini nilikuwa namhifadhi.

"Basi nani atathibitisha?"

"Ulimi wako, Bwana mkubwa! Dawa ya hawa washenzi ni maji ya mto. Yetu ni maji ya bahari. Fungua uonje. Kila chupa humu ni chumvi tupu, na kama si chumvi, nikateni kichwa!"

Nikamsikia Mrisho nyuma yangu. "Tamimu. Nyamaza, Tamimu." Nikadhani ananionea haya.

Luteni akanyoosha mkono, akachukua chupa iliyo karibu, akaitoboa nta kwa kisu. Akaonja. Akaonja tena. Kisha akampa shaushi.

"Matamu," shaushi akasema.

Ilikuwa ya kule juu. Ya siku ile ya mtumbwi, Mrisho kafumba macho. Nilikuwepo! Nilishika kamba mimi! Nikasema fungua nyingine, fungua ile, fungua zote, zimechanganyika, hiyo ndiyo kazi yenyewe, kujua yanaishia wapi! Lakini nilishasema kila chupa. Uso wa Luteni ulikuwa umekwisha kujifunga. Anaona mtu mwenye maneno matamu na maji matamu, anayetaja Mzungu asiyeonekana. Akasema neno moja, wakanilaza.

Sikuhesabu. Baina ya kiboko na kiboko nilimsikia Mrisho akipiga kelele kwa Kimatumbi, akiwaambia waniache, kwamba mimi ni mpumbavu tu, kwamba kila mtu anajua mimi ni mpumbavu. Ananitetea kwa matusi. Hata pale ananitania.

Wakanivuta langoni. Nilipopita karibu yake akasema polepole, "Ungesema zimechanganyika, mwenzangu. Ungesema hivyo tu."

Jumapili, 13 Agosti

Shaabani kanipaka mafuta ya nazi. Mnyonge wa Mungu, kanibeba mtumbwini. Narudi Salale.

Jumanne, 15 Agosti

Nilifika asubuhi. Bahari ilikuwa imeanza kupanda. Bamvua kama hili sijaliona: maji yanaingia katika mikoko kama watu wanaokimbilia mnada. Bwana Chupa alikuwa kwenye jukwaa letu la miti, kitabu mkononi, saa imening'inia shingoni, midomo inamtetemeka kwa furaha au kwa homa. Aliponiona alisema, "Alhamdulillahi, umerudi! Shika darubini, nisomee mstari."

Nikageuka nikampa mgongo. Nikapandisha kanzu.

Akaitazama saa yake, akasema, "Kesho. Nimeapa, kesho. Tamimu, kila baada ya dakika chache lazima tusome, ukikosa kimoja yote ni bure."

"Twende sasa."

"Kesho alfajiri."

"Mrisho anaweza kuwa hana kesho."

"Wewe huelewi," akasema. Na hapo, wallahi, alilia. Machozi ya kweli. "Huelewi nimengoja kiasi gani."

Nilishuka majini. Maji yalinifika kifuani na chumvi ikaingia katika kila mstari wa mgongo wangu. Mistari myeupe na myeusi anayo yeye, myekundu ninayo mimi. Nikaukumbatia mti wa alama. Alijua ninachotaka kufanya kabla sijakifanya, akapiga kelele kwa Kidachi, akamtukana mama yangu asiyemjua. Nikautikisa, nikautikisa, nikauvuta na mizizi ya matope yake, ukatoka. Mkondo ukauchukua. Ulikwenda umelala, mistari juu, kama nyoka aliyekufa.

Alikaa juu ya jukwaa, kitabu wazi, anatazama mahali ulipokuwa. Bahari iliendelea kupanda. Haikuulizwa na mtu imefika wapi.

Baadaye kidogo akavaa viatu.

Alhamisi, 17 Agosti

Mrisho amenyongwa. Jana asubuhi. Tulifika kambini jana jioni.

Kesho aliyoisema yeye, na leo niliyoitaka mimi, zote zilikuwa zimepitwa. Kama angekuja Jumatano ile ya kwanza. Kama angeandika mstari mmoja. Naandika maneno haya na kalamu inatoboa karatasi.

Bwana Chupa alisimama mbele ya Luteni na matope yake, akasema, "Maji haya ni yangu. Mimi ni Doktari Reinbeck. Namba hizi naweza kukueleza moja moja." Na kweli alianza kumweleza, hii ni ya mlangoni kwa bahari, hii ya chini, hii ya juu. Luteni alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akavua kofia, akaishika mkononi, akasema, "Ungesema mapema, Bwana Doktari." Kofia zao hizo. Walivuliana pale, maiti za watu zikiwa nyuma ya hema.

Mwili hawakutupatia. Wamewazika pamoja wote, bila sanda.

Walimpa Bwana Chupa askari wawili wa kumpeleka melini, na chupa zilizobaki wakampa pia, ni zake. Alizipanga mwenyewe katika tenga, bila makapi. Nilikuwa nimekaa chini njiani. Akaja akasimama mbele yangu. Nilidhani anataka kuniomba radhi, na nilikuwa nimeshatayarisha mate.

"Tamimu," akasema, "ulipokuwa pale majini, kabla hujaung'oa. Maji yalikuwa kwenye mstari gani?"

Nilikuwa naujua. Ulikuwa mbele ya pua yangu, naweza kuuona sasa hivi nikifumba macho.

Sikumwambia. Akangoja, akaondoka.

Kibiti, Jumatatu, 21 Agosti

Nimekaa kwa Mzee Muhidini, mjomba wa Mrisho, tangu juzi. Matanga yamefanywa bila kaburi. Wametandika shuka lake na kanzu yake ukumbini.

Semeni hakulia mbele yangu. Alinisikiliza habari yote, ya kambi, ya Luteni, ya chupa tamu, mtoto Tatu amelala mapajani pake. Nilipomaliza aliuliza neno moja.

"Shemeji, pale mbele ya yule Mdachi, ulikwenda kumsemea mwenzio au ulikwenda kujisifu?"

Nikasema nilikwenda kumsemea.

"Na ukafanya nini?"

Akamlaza mtoto mkekani, akasema, "Na makapi yalikuwa yangu." Akainuka kwenda kuchochea moto, na nikawachukia watu wote duniani isipokuwa yeye.

Leo wameanua matanga. Watu wamejaa, wa Umwe, wa Ruaruke, hata walioacha mashamba yao kwa hofu wamekuja kukaa na wafiwa. Mzee Muhidini akasimama akasema, "Mtani wake yupo wapi? Mndengereko wetu. Asimame, afanye kazi yake." Ndiyo desturi: msiba ukifika mwisho, mtani huvaa nguo za marehemu, humwiga, husema uongo wake wote na ulafi wake, mpaka wafiwa wacheke, ndipo machozi yanaruhusiwa kukauka.

Nikavaa kanzu ya Mrisho. Inanipwaya mabegani. Wakanitazama, wengine walishaanza kutabasamu, maana wananijua. Nikafungua mdomo huu uliotaja bandari zote. Nikatafuta hata utani mmoja. Nikaona hasira tupu: kwa akida, kwa Luteni, kwa mzee yule na kiti chake, kwangu. Watoto wakaanza kucheka kabla sijasema, na mmoja akasema, "Anaigiza Mrisho akiwa mtumbwini."

Basi niliwaambia mambo ya gatini siku ile. Kidole cha Mzungu hakikunyooka kwangu. Kilimnyookea Mrisho, kwa ajili ya mabega yake. Mimi alinipita kama anavyopita gunia. Mrisho, asiyejua kuogelea, aliyekuwa na njaa na mke na mtoto, akasema, "Bila mtani wangu siendi. Ana maneno mengi lakini anajua maji." Mzungu akapunga mkono: haya, na huyo.

Hakuna aliyecheka. Bahati niliyojiandikia humu siku ya kwanza, mimi Tamimu sikuwahi kuwa nayo. Nilisema uongo.